Kufuli Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wakufunzi wa TEHAMA wa Katikati ya Jiji

Kwa wakufunzi wa TEHAMA wa vyuo vya DIT, CBE na IFM,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa wakufunzi,

Kutoka lango la DIT, pale Barabara ya Morogoro inapokatana na ya Bibi Titi Mohamed, hadi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ni mwendo wa miguu, tena mfupi. CBE iko barabara hiyo hiyo ya Bibi Titi. IFM iko Mtaa wa Shaaban Robert, upande wa baharini, nayo si mbali. Ndiyo maana vijana wa vyuo hivi vitatu, wakitafuta pa kujifunzia kazi au pa kupatia nauli, hushuka Kariakoo. Huko kuna maduka ya jumla yanayohitaji mfumo wa mauzo, stoo zinazohitaji hesabu ya mzigo, na matajiri waliochoka na daftari la madeni lililochakaa pembe zote. Kijana huingia na kompyuta yake ya mkononi, hupewa stuli nyuma ya kaunta, na baada ya wiki chache duka lina programu yake.

Tangu mwaka 2025 kijana huyo haji peke yake. Februari mwaka huo kampuni ya Anthropic ilitoa Claude Code. Aprili OpenAI ikatoa Codex CLI. Juni Google ikatoa Gemini CLI. Zote tatu ni programu za akili mnemba zinazofanya kazi kwenye dirisha la amri, na tofauti yake na mazungumzo ya kawaida na akili mnemba ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye mazungumzo, mwanafunzi alinakili jibu, akalibandika, akaliendesha mwenyewe. Hakuna kilichopita bila mkono wake. Msaidizi wa dirisha la amri hufungua folda mwenyewe, husoma mafaili, huyaandika upya, hupakua maktaba za programu kutoka intaneti, huendesha amri za hifadhidata, na akikwama hujaribu njia nyingine. Kazi ya siku tatu huweza kwisha kabla ya adhuhuri. Kosa la sekunde moja nalo hufika moja kwa moja kwenye hesabu za mtu.

Zana hizi huongozwa na mafaili ya aina mbili. La kwanza ni faili la maelekezo, andiko la kawaida kabisa linalowekwa ndani ya folda ya mradi: Claude Code hulitafuta kwa jina la CLAUDE.md, Gemini CLI kwa jina la GEMINI.md, na Codex kwa jina la AGENTS.md, ambalo zana nyingine nyingi pia zimelikubali. Msaidizi hulisoma kila anapoanza kazi. La pili ni faili la ruhusa. Claude Code hulihifadhi kwenye folda ya .claude kwa jina la settings.json, Codex ina lake liitwalo config.toml. Humo ndimo mnamopangwa nini msaidizi afanye bila kuuliza, nini aombe ruhusa kwanza, na nini asikitie mkono kabisa.

Barua hii inawaomba jambo moja. Mwanafunzi asimpeleke msaidizi wa namna hii kwenye kazi ya mfanyabiashara kabla hajayaandika mafaili haya mawili, na kabla mkufunzi hajayasahihisha kama anavyosahihisha msimbo wenyewe. Na kati ya hayo mawili, la ruhusa ndilo lipewe alama nyingi.

Tuanze na la maelekezo, kwa kuwa ndilo vijana wanalolipenda. Chukua duka la jumla la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, moja kati ya mengi yanayofanana: chaja, kava na hedifoni hadi darini. Msaidizi asiye na maelekezo ataliandikia duka hilo mfumo safi sana, ila utakuwa mfumo wa duka lililoko nchi nyingine. Fedha ndipo pa kwanza pa kuharibikiwa. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Tanzania imeandikwa kuwa na tarakimu mbili za senti. Kwa hiyo baadhi ya maktaba za malipo huchukulia kwamba kiasi kilichoingizwa kiko katika senti. Dazeni ya kava ya shilingi 25,000 ikipitishwa humo bila uangalifu hutoka ikiwa shilingi 250. Msaidizi hataona tatizo, maana kwa dola hivyo ndivyo inavyotakiwa. Atakayeliona ni mwenye duka, jioni, wakati wa kufunga hesabu.

Kisha kuna wateja. Kariakoo haiwauzii watu wa Dar peke yao, wala Watanzania peke yao. Mzigo hutoka hapo kwenda Lusaka, Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Msaidizi aliyeambiwa tu kwamba duka liko Tanzania ataweka kanuni inayokubali namba za simu zinazoanza na 255 na kukataa nyingine zote, na mteja wa miaka mingi kutoka Zambia ataambiwa namba yake si sahihi. Saa nazo zina mtego wake. Mteja akiandika kwamba guta lije kuchukua mzigo saa 3 asubuhi, anasema saa ambayo kompyuta huiandika 09:00. Bei pia: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zilipiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, lakini msaidizi aliyejifunza kutoka programu za dunia nzima anaweza kuweka kitufe cha dola kwa kudhani anasaidia.

Faili la maelekezo la duka kama hilo halihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Sehemu yake ingesomeka hivi:

Fedha zote ni shilingi za Tanzania, namba kamili, bila desimali. Usigawanye wala kuzidisha kwa 100.
Bei zionyeshwe kwa shilingi tu.
Kiwango cha VAT kisomwe kwenye jedwali la viwango, pamoja na tarehe kilipoanza. Kisiandikwe ndani ya msimbo.
Namba za simu zihifadhiwe pamoja na namba ya nchi. Wateja wapo wa 255, 260, 243, 265 na 269.
Saa aliyoitaja mteja kwa Kiswahili igeuzwe kuwa ya saa 24, na aonyeshwe zote mbili athibitishe.
Risiti haifutwi wala haihaririwi. Marekebisho ni ingizo jipya linaloitaja risiti ya kwanza.
Kabla ya kusema kazi imekwisha, endesha majaribio yote na uonyeshe matokeo.

Kila mstari hapo una sababu yake mtaani. Huo wa VAT upo kwa sababu viwango hubadilika: kodi hiyo ilianza Tanzania Bara mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na mfumo ulioizika namba hiyo sehemu kumi na mbili tofauti ndani ya msimbo utamsumbua atakayeurithi. Huo wa risiti ni mzito zaidi. Mashine za kielektroniki za risiti (EFD) zilianza kutumika mwaka 2010, na kumbukumbu iliyoingia kwenye mashine haifutiki. Kila siku ya biashara hufungwa kwa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze nyaraka zake kwa miaka 5. Sasa, msaidizi aliyeombwa kupunguza uchafu kwenye jedwali la mauzo anaweza kuona risiti mbili zinazofanana, akahitimisha kwamba moja ni marudio, akaifuta. Mfumo wa duka na mashine ya EFD vitaacha kusema lugha moja, na atakayekaa mbele ya mkaguzi kujieleza ni mwenye duka. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na ukaguzi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Katika soko lenye historia hiyo, tofauti ya risiti moja inaweza kumgharimu mtu wiki nzima ya maelezo.

Claude Code ina amri ya /init, ambayo husoma folda na kuandika rasimu ya faili la maelekezo bila mwanafunzi kutoa jasho. Rasimu hiyo ni mwanzo mzuri, na vijana wengi huishia hapo. Itataja majina ya folda, lugha ya programu iliyotumika, na amri ya kuendesha majaribio. Haitamtaja mteja wa Moroni. Yale yanayolifanya faili liwe la thamani hayamo ndani ya folda. Yamo kichwani mwa mwenye duka na vijana wake wa kaunta, na mwanafunzi hana budi kwenda kuyauliza. Hiyo ni kazi ya uchambuzi wa mifumo, somo ambalo vyuo vyote vitatu hulifundisha. Ajabu nzuri ya zana hizi ni kwamba zimelirudishia somo hilo uzito wake.

Lakini faili la maelekezo, hata liandikwe na bingwa, linabaki kuwa ombi.

Julai 2025, Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr huko Marekani, alikuwa akijenga programu kwa kumtumia msaidizi wa kampuni ya Replit. Alikuwa amesitisha mabadiliko yote, na maagizo hayo aliyarudia zaidi ya mara moja. Msaidizi alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za viongozi zaidi ya 1,200 wa kampuni. Kisha akamwambia kwamba haiwezekani kuirudisha. Lemkin alijaribu mwenyewe, ikarudi. Amjad Masad, mkuu wa Replit, aliomba radhi hadharani, na kampuni yake ikaanza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi. Inafaa kuangalia walichorekebisha: waliweka ukuta, hawakutegemea sentensi nyingine yenye mkazo zaidi.

Sababu ya kitaalamu si ngumu kueleza darasani. Akili mnemba hupima maneno yote iliyopewa, kisha huchagua yanayofuata kwa uwezekano. Faili la maelekezo ni sehemu ya maneno hayo. Mazungumzo yakirefuka, mafaili yakifunguliwa, makosa ya programu yakijazana kwenye dirisha, lile agizo la asubuhi huwa sauti moja kati ya nyingi. Faili la ruhusa halipiti njia hiyo. Husomwa na programu ya kawaida inayomzunguka msaidizi, na kanuni ikisema hapana, amri haiendeshwi, hata msaidizi awe na hoja nzuri kiasi gani. Tajiri wa Kariakoo anaijua tofauti hiyo vizuri: kumwambia kijana wa dukani asiguse droo ya pesa ni jambo moja, na kuifunga droo ufunguo ukakaa mfukoni ni jambo jingine.

Kwenye settings.json ya Claude Code kuna orodha tatu: ya kuruhusu, ya kuuliza na ya kukataza. Amri ikigusa zaidi ya orodha moja, katazo hushinda, kisha swali, kisha ruhusa. Kwa mradi wa Aggrey, kuendesha majaribio na kutazama mabadiliko kwenye Git kunaweza kuruhusiwa bila swali. Kupakua maktaba mpya, kuhifadhi mabadiliko kwenye Git na kubadilisha muundo wa majedwali, msaidizi aulize. Kufuta mafaili au majedwali, kutuma msimbo kwenye seva, kuunganika na hifadhidata ya duka, na kusoma faili la .env ambamo hukaa funguo za malipo ya simu na maneno ya siri: marufuku.

Wanafunzi watalalamika kwamba maswali yanachosha, na hawakosei. Mtu aliyebonyeza "ndiyo" kutwa nzima huacha kusoma anachokikubali. Hapo ndipo anapoifikia ile swichi ya kuruka ruhusa zote, ambayo watengenezaji wenyewe wameiwekea jina la tahadhari, na akishaizoea haachi. Dawa si kumkemea. Orodha ya kuruhusu ikitengenezwa kwa akili, msaidizi hufanya mambo mengi yasiyo na madhara bila kuuliza, na maswali machache yanayobaki huwa yanastahili kusomwa. Kuipanga orodha hiyo ni ujuzi. Unafundishika, na unapimika.

Vyuo vina nafasi ambayo fundi wa mtaani hana. Claude Code inakubali mipangilio ya ngazi kadhaa: ya mtumiaji, ya mradi, ya kompyuta husika, na juu yake ile inayowekwa na msimamizi wa taasisi, ambayo mtumiaji hawezi kuibatilisha. Msimamizi wa maabara ya kompyuta anaweza kuweka makatazo ya msingi mara moja, yakafanya kazi kwenye kila mashine ya maabara, na ile swichi ya kuruka ruhusa ikazimwa. Gharama yake ni muda wa fundi mmoja.

Hata kufuli hizi zina mipaka, na mwanafunzi aambiwe ukweli huo mapema. Kukataza kusoma .env kunamzuia msaidizi kulifungua faili hilo kwa zana zake. Lakini akiruhusiwa kuendesha programu yoyote ya Python, anaweza kuandika programu fupi, na programu hiyo ikalifungua. Codex hukabili jambo hili kwa kuifungia kazi ndani ya eneo maalumu linalolindwa na mfumo endeshi wenyewe, na Claude Code nayo ina njia ya namna hiyo. Juu ya yote hayo kuna kinga iliyo rahisi kuliko zote: kitu kisichotakiwa kusomwa kisiwepo kwenye kompyuta hiyo.

Na hapo sheria inaingia. Akili mnemba ya zana hizi kwa kawaida haimo ndani ya kompyuta ya mwanafunzi. Iko kwenye seva za kampuni zilizoitengeneza, nje ya nchi. Msaidizi akisoma faili la wateja wa Aggrey, yaliyomo husafiri hadi huko ili yachakatwe. Jina la mteja, namba yake ya simu, anadaiwa kiasi gani na tangu lini, vyote vinavuka bahari bila kijana kubonyeza kitufe chochote cha kutuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina sehemu mahususi juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mwenye duka aliyempa kijana nakala ya daftari lake la madeni "ili mfumo uwe na data za kujaribia" hajui kwamba ametoa zaidi ya alichokusudia. Kijana naye mara nyingi hajui. Mkufunzi anajua, au ana wajibu wa kujua, na hiyo ndiyo sababu barua hii imekuja kwake.

Data za kujaribia zitungwe. Wateja mia tano wa kubuni, wenye majina ya kubuni na namba za kubuni za nchi tano, msaidizi mwenyewe anaweza kuwatengeneza kwa dakika moja. Data halisi ziingie siku ya kuzindua mfumo, kwenye kompyuta ya duka, ambako msaidizi hana mlango.

Nakala rudufu ihesabiwe kwa kipimo hicho hicho. Bakapu iliyokaa kwenye folda ambayo msaidizi anaweza kuiandika si bakapu. Kariakoo haihitaji kuhubiriwa juu ya hatari ya kuweka kila kitu chini ya paa moja. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 kwenye jengo la soko bado watu wanauzungumza.

Kuna tabia nyingine ambayo imeota mizizi, nayo ni kunakili mafaili haya kutoka kwa wengine. Mtu hukuta faili la maelekezo linalosifiwa, hulichukua zima zima, hulibandika kwenye mradi. Machi 2025 kampuni ya usalama ya Pillar Security ilionyesha jinsi faili la kanuni la wasaidizi wa Cursor na GitHub Copilot linavyoweza kufichiwa maagizo kwa herufi zisizoonekana kwa macho. Binadamu akilifungua anaona ushauri wa kawaida. Msaidizi anasoma na yale yaliyofichwa, kisha anaandika msimbo wenye mlango wa nyuma. Faili la kunakili lina kasoro ya pili, iliyo ya kawaida zaidi: limejaa mambo yasiyohusu. Kila neno lake husomwa upya kila kazi inapoanza, hulipiwa, na huyapunguzia uzito machache yaliyo ya lazima. Mwanafunzi aliyeandika mistari kumi na miwili anayoielewa yuko mbele ya mwenzake aliyebandika kurasa tisa.

Faili la maelekezo liandikwe kwa lugha gani? Wengi huandika Kiingereza kwa mazoea, na wana hoja: Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi ndani ya akili mnemba, kwa hiyo andiko lile lile hugharimu zaidi kidogo. Kwa ukurasa mmoja tofauti hiyo inavumilika, na faida yake ni kubwa. Faili la maelekezo la Kiswahili mwenye duka anaweza kulisoma. "Risiti haifutwi wala haihaririwi" ni sentensi anayoweza kuiwekea sahihi, na akiona mstari wa namba za simu atakumbuka kwamba siku hizi ana wateja wa Bujumbura pia, na 257 haimo. Kwa mara ya kwanza, mtu asiyejua kuandika programu anaweza kukagua sehemu ya programu yake kabla haijaanza kumletea hasara. Dar es Salaam si mgeni wa jitihada za namna hii: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi waliamini kompyuta haiwezi kuzungumza lugha hii.

Wapo wakufunzi wanaopendelea kuzipiga marufuku zana hizi moja kwa moja, na hofu yao inaeleweka. Mwanafunzi anayewasilisha msimbo asioweza kuueleza hajasoma. Mitihani ya kuandika programu kwa mkono, bila msaidizi, iendelee, tena iongezwe: nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikazorota nchini, kazi ilibaki kwa wale waliokuwa na ujuzi vichwani mwao. Ila marufuku ya chuo huishia getini. Haivuki Bibi Titi kwenda Aggrey, haikai na kijana kwenye stuli nyuma ya kaunta saa 4 usiku, tajiri akiwa anamhimiza amalize kabla mzigo wa kesho haujafika. Kinachokwenda naye huko ni mazoea. Kama mazoea yake ni kuandika faili la ruhusa kabla ya kitu kingine chochote, ataliandika hata pale asipotazamwa na mtu.

Kinachoombwa kwenu, basi, kinatekelezeka bila kusubiri mtaala mpya wala bajeti. Kitabu cha kumbukumbu ambacho mwanafunzi hukijaza kila siku akiwa field kiongezewe kurasa mbili: moja ya faili la maelekezo lenye sahihi ya mwenye biashara, nyingine ya faili la ruhusa lenye sahihi ya mkufunzi. Mkufunzi anapokwenda kumtembelea mwanafunzi kazini, amwambie afungue kompyuta, na mbele yake amwamuru msaidizi afanye mambo matatu: asome .env, afute jedwali la risiti la majaribio, atume msimbo kwenye seva. Yote matatu yakizuiwa na mipangilio, alama zipo. Likipita hata moja, mwanafunzi arekebishe, na mfumo usizinduliwe hadi ukaguzi urudiwe. Zoezi zima halizidi dakika kumi, na linaweza kufanyika dukani, wateja wakiendelea kuhudumiwa.

Vyuo hivi vitatu vikikubaliana kuandika kwa pamoja mfano mmoja wa mafaili haya, kwa Kiswahili, wenye shilingi bila desimali, namba za simu za majirani, saa za Kiswahili na makatazo ya msingi, kila mwanafunzi atakuwa na pa kuanzia, na kila duka litakuwa na cha kudai. Wenye maduka wa Aggrey, Msimbazi na Congo wanaweza kuitwa kuusoma kabla haujapitishwa. Wengi wao watakuwa na mstari wa kuongeza. Rasimu ya kwanza iwe tayari kabla ya msimu ujao wa mafunzo kwa vitendo, maana vijana wakishatawanyika mitaani itakuwa vigumu kuwakusanya tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa.